UZI: Rory Gallagher baada ya 1976. Albamu tulizozipuuza na matoleo mapya yaliyozirudisha

#1 Uzi wa Sita (mleta uzi)

Salaam wakuu.

Jina la Rory Gallagher likitajwa humu, stori huwa inaishia 1974. Mtu anatupia video ya Irish Tour, ile ziara yake ya Ireland ya 1974, tunaona shati la drafti, gitaa la Stratocaster lililobanduka rangi, jasho linatiririka, sote tunaandika "huyu jamaa hatari", basi, uzi unazama. Taja Defender au Fresh Evidence uone majibu: "Aah, huko alikuwa kashachuja." Na wengi wanaosema hivyo hawajazisikiliza hata nusu.

Mimi nasema hivi, na nipo tayari kubishana mpaka asubuhi: albamu zake mbili za mwisho, ya 1987 na ya 1990, zina utunzi mzuri kuliko chochote alichorekodi studio kabla yake. Sijasema upigaji. Nimesema utunzi. Na kama hatuzijui, sababu kubwa ni namna zilivyotoka, zikapotea madukani, kisha zikarudishwa zikiwa zimebandikwa vitu ambavyo havikuwamo.

Kwa wageni, kwa ufupi sana: Rory, mpiga gitaa na mwimbaji wa blues na roki, alizaliwa Ballyshannon, jimbo la Donegal, Ireland, mwaka 1948, akakulia Cork. Alikuwa na bendi ya Taste iliyovunjika mwishoni mwa 1970. Kuanzia 1971 akarekodi kwa jina lake mwenyewe mpaka alipofariki London, Juni 1995, akiwa na miaka 47.

Sasa angalieni mwendo wake. Kati ya 1971 na 1976 alitoa albamu sita za studio, achilia mbali zile za laivu. Baada ya Calling Card ya 1976, iliyosimamiwa na Roger Glover wa Deep Purple, zilizobaki ni tano tu hadi anakufa: Photo-Finish (1978), Top Priority (1979), Jinx (1982), Defender (1987) na Fresh Evidence (1990). Kati ya Jinx na Defender kuna ukimya wa miaka mitano. Kwa mtu aliyekuwa anatoa mbili kwa mwaka mmoja, hapo kuna jambo.

Na jambo lenyewe linaanzia San Francisco. Mwishoni mwa 1977 Rory alikwenda huko na bendi yake ya watu wanne, Gerry McAvoy kwenye besi, Lou Martin kwenye kinanda na Rod de'Ath kwenye ngoma, kurekodi na Elliot Mazer, yule aliyemsimamia Neil Young kwenye Harvest. Albamu ilirekodiwa ikafika hatua ya miksi. Rory akaisikiliza, hakuipenda, akaitupa. Albamu nzima. Lebo ilikuwa inaisubiri, pesa zimeshatumika, yeye akasema hapana. Mkosi haukuishia hapo, kidole gumba kikabanwa na mlango wa teksi kikavunjika.

Alipopona akavunja bendi. Akabaki na McAvoy peke yake, akamchukua Ted McKenna aliyekuwa mpiga ngoma wa Sensational Alex Harvey Band, kinanda akakitoa kabisa, wakaenda Ujerumani kwenye studio ya Dieter Dierks karibu na Cologne. Humo ndimo Photo-Finish ilimotoka, ikiwa na nyimbo kadhaa zilezile za San Francisco zilizopigwa upya na watu watatu.

Naendelea muda si mrefu. Msivamie kwanza.

#2 Kandambili

Nimeshavamia. 😂

Mkuu, Top Priority umeipita kama basi la mkoani linavyopita kituo kisicho na abiria. Philby iko humo! Wimbo unaomhusu Kim Philby, yule jasusi wa Uingereza aliyekuwa akiwafanyia kazi Warusi, na ndani yake kuna sitar ya umeme. Follow Me iko humo. Bad Penny iko humo. Halafu unaniambia utunzi mzuri ulianza 1987?

#3 Uzi wa Sita

@Kandambili tulia kaka. Top Priority naipenda, ila isikilize vizuri: ni albamu ya mwanamume anayekimbia. Kila kitu kinakwenda mbio, gitaa limejaa mpaka juu, hakuna pa kupumulia. McKenna anapiga ngoma kama anadaiwa. Kwa jukwaani ni sawa kabisa, ndiyo maana Stage Struck ya 1980 ikatoka na ukali ule. Lakini Philby umeitaja mwenyewe, na hiyo ndiyo mbegu ninayotaka kuizungumzia. Rory alikuwa msomaji mkubwa wa hadithi za kipelelezi: Dashiell Hammett, Raymond Chandler na wenzao. Kwenye Philby anajifananisha na jasusi kwa sababu ya maisha yake ya barabarani, leo hoteli hii kesho ile, hakuna anayemjua kwa undani. Wazo zuri sana, ila ni wimbo mmoja ndani ya albamu ya kukimbia.

Kwenye Defender wazo hilo limeshika albamu nzima.

Nyimbo zenyewe: Kickback City, mji ambao kila mkono umenyooshwa kupokea mlungula. Continental Op, imechukuliwa moja kwa moja kwa yule mpelelezi wa Hammett ambaye jina lake hatajwi kamwe. Smear Campaign, mtu anachafuliwa jina. Doing Time, jela. Failsafe Day, hofu ya nyuklia ya miaka ile. Zipange mfululizo uone, ni kama mtaa mmoja usiku, kila mlango una mtu mwenye shida yake.

Na Loanshark Blues. Hapa naomba mnivumilie maana huu ndio wimbo ulionifanya niandike uzi. Mtu ana deni kwa mkopeshaji wa riba. Si jambazi, ni mfanyakazi wa kawaida, anaamka alfajiri kwenda kibaruani, na anamwomba yule bwana amwongezee muda. Basi. Hakuna bastola, hakuna ushujaa. Sisi tunaoishi na mikopo ya kausha damu mitaani hatuhitaji kutafsiriwa. Gitaa lina kipande kifupi kinachorudi na kurudi, kizito, hakiendi popote, na Rory haongezi kitu juu yake kwa muda mrefu. Rory wa 1974 angeshapiga solo mbili kabla ya ubeti wa kwanza kuisha. Huyu wa 1987 anaacha deni liongee. Solo ikija inakuja imechelewa, fupi, kama mtu aliyefungua mdomo akakumbuka kwamba hana haki ya kulalamika.

Mnaosema alichuja, nionyesheni wimbo wa Tattoo au Blueprint, albamu zake za 1973, wenye mtu aliyechorwa hivyo.

#4 Mama Santuri

Mwanangu umeandika vizuri, ila ngoja mimi niliyezinunua zikiwa santuri nikuambie upande wa pili.

Defender ilipotoka, tuliomfuata Rory tangu Taste hatukulalamikia mashairi. Tulilalamikia mlio. Ngoma zina ule mvumo wa miaka ya themanini, gitaa limelainishwa pembeni. Huyu ni mtu ambaye ukisikiliza Deuce, albamu yake ya 1971, unahisi umekaa futi tatu kutoka kwenye amplifaya. Halafu anakuletea kitu kilichopanguswa namna ile. Na alikuwa mwenyewe anasimamia, hakuna prodyuza wa kulaumiwa, tena kwenye lebo yake, Capo, iliyosambazwa na Demon. Lebo ya zamani, Chrysalis, alikuwa kashaachana nayo. Alikuwa huru, akatumia uhuru huo kurudiarudia miksi. Mtu asiyeridhika akikosa wa kumwambia "inatosha", ndiyo matokeo yake hayo.

Nakubali Loanshark Blues ni wimbo mkubwa. Nakataa kwamba albamu nzima iko hivyo. Road to Hell inanipita tu.

Halafu mbona hukusema kwamba nakala za mwanzo za Defender zilikuja na santuri ndogo ndani? Seems to Me upande mmoja, No Peace for the Wicked upande wa pili. Ile santuri ndogo mimi naicheza kuliko santuri kubwa.

#5 Uzi wa Sita

Shikamoo mama, na asante. Umenifikisha mahali nilipokuwa naelekea.

Hizo nyimbo mbili za santuri ndogo ndizo zilizoleta vurugu yangu na matoleo mapya. Rory alipofariki, mdogo wake Dónal, ambaye ndiye aliyekuwa meneja wake miaka yote, alianza kazi ya kurudisha albamu zote sokoni. Awamu kubwa ya kwanza ni ile ya mwishoni mwa miaka ya tisini hadi 2000, Capo pamoja na BMG, kwa sidi. Kazi ya maana kabisa, maana kabla ya hapo zilikuwa zinapatikana kwa kubahatisha. Lakini karibu kila sidi ikabandikwa nyimbo za nyongeza mwishoni bila hata kupumzika.

Sasa Defender, kama Rory alivyoipanga, inaisha na Seven Days. Baada ya kelele zote za mji ule, mitaa, jela, nyuklia, unabaki na blues iliyotulia na sauti ya mtu mmoja. Ni mwisho uliopangwa. Kwenye sidi, sekunde chache baadaye, paa, Seems to Me. Wimbo mzuri, mama kasema kweli, ila umeingia ukumbini wakati watu wanavaa makoti.

Fresh Evidence nayo ikafanyiwa hivyohivyo: Slumming Angel inafunga, halafu zinafuata Never Asked You for Nothin' na Bowed Not Broken. Jinx ndiyo ikaguswa zaidi, mpaka mpangilio wa nyimbo ukabadilishwa na mbili zikaongezwa, Nothin' But the Devil na Lonely Mile. Aliyeijua Jinx kwa sidi na aliyeijua kwa santuri wanazungumzia albamu mbili tofauti, ndiyo maana ubishi wake hauishi.

#6 Fundi Spika

Naingia kama fundi, mambo ya mashairi nawaachia nyie.

Tatizo la sidi za kipindi kile si nyongeza tu. Sikiliza kwa spika nzuri, sauti ya chini na ya juu, tofauti zake zimebanwa. Ndiyo ilikuwa fasheni ya kusafisha upya kanda wakati ule, kila mtu anataka sidi yake iwe na kelele kuliko ya jirani. Kwa albamu kama Top Priority haiumizi sana, kelele imo tangu mwanzo. Kwa Fresh Evidence inaumiza, maana albamu hiyo inategemea tofauti: gitaa la kavu peke yake, kisha bendi nzima, kisha kodiani. Ukibana, vyote vinakuwa mbele kwa usawa na ile picha inapotea.

Matoleo ya Universal ya 2018 kwa masikio yangu yanapumua vizuri zaidi. Nimefungua Ghost Blues ya sidi ya zamani na ya 2018 kwa amplifaya ileile, sauti nikazisawazisha kwanza maana iliyo juu zaidi hudanganya sikio. Kwenye ya zamani ngoma zikiingia zinamfunika Rory. Kwenye ya 2018 slaidi (gitaa linalopigwa kwa kutelezesha kibomba juu ya nyuzi) inakaa juu ya ngoma na unausikia mkono wa kushoto ukisugua nyuzi kabla ya noti. Kitu kidogo lakini kwa blues ndicho chenyewe.

Wanaosikiliza kwa spika ya simu, msinijibu.

#7 Kandambili

@Fundi Spika mimi nasikiliza kwa spika ya simu na nitakujibu. 😂

Hivi Fresh Evidence ina nini hasa? Maana naona wote mnaitaja kwa heshima kama mzee wa baraza.

#8 Uzi wa Sita

Nilikuwa naiweka akiba, lakini sawa.

Fresh Evidence, 1990, ni Rory anarudi kwa waliomfundisha, mmoja mmoja, na kila mmoja anampigia kwa namna yake. Alexis ni ala tupu, ya Alexis Korner, yule mzee wa blues ya London aliyefariki 1984. King of Zydeco ni ya Clifton Chenier, gwiji wa zydeco, muziki wa kodiani wa Louisiana, na Geraint Watkins anapiga kodiani humo. The Loop, ala tupu pia, ni ya ile reli ya juu inayozunguka katikati ya Chicago, na inaelekea kwenye jazi kuliko kitu chochote alichowahi kutoa. Empire State Express ni wimbo wa Son House, mzee wa blues ya Mississippi. Hapo ni Rory na gitaa la kavu tu, hakuna mtu mwingine chumbani, na utadhani mguu wake ndio ngoma.

Kisha Heaven's Gate, ambayo ina kivuli cha Robert Johnson, mpiga blues wa zamani aliyeimba kuhusu kufukuzwa na mbwa wa kuzimu. Nyimbo za shetani na njia panda tumezizoea, kila mpiga blues wa kizungu anayo yake na nyingi ni mapambo. Hii si pambo. Mtu aliyeimba hii alikuwa na matatizo ya kiafya tayari, alikuwa anatumia dawa za hospitali, alikuwa na hofu ya kupanda ndege wakati kazi yake ni kusafiri. Sauti yake imekwaruzika na amezeeka kabla ya miaka yake, ukumbuke hapo ana miaka 42. Anapobisha mlango wa mbinguni haigizi.

Na nyimbo mbili baadaye, Walkin' Wounded. Majeruhi anayetembea. Sihitaji kueleza.

Lakini msifikiri ni albamu ya msiba. 'Kid' Gloves inayofungua ni hadithi ya bondia anayegoma kuuza pambano, ina mzaha na ina mdundo wa kucheza. Mark Feltham anapuliza harmonika vizuri mpaka unasahau kwamba bendi hii miaka mingi ilikuwa gitaa, besi na ngoma tu. McAvoy bado yupo, tangu 1971. Brendan O'Neill ndiye aliyekuwa kwenye ngoma tangu enzi za Jinx. Hao wawili waliondoka mwaka 1991 wakaenda bendi ya Nine Below Zero, na Rory hakurekodi albamu nyingine ya studio.

#9 Mgeni Njoo

Shikamooni wakubwa. Mimi mgeni kabisa wa huyu bwana, nilimjua kwa habari ya gitaa lake kuuzwa mnadani. Ni kweli lilikuwa la bei ile?

#10 Fundi Spika

@Mgeni Njoo kweli. Oktoba 2024, mnada wa Bonhams, London. Pauni 889,400 ukijumlisha na ada za mnada. Ni Stratocaster ya 1961, aliinunua akiwa kijana mdogo 1963 kwenye duka la Crowley's pale Cork kwa pauni 100, kwa mkopo. Walionunua ni Live Nation Gaiety, kampuni ya matamasha ya Ireland, kwa ajili ya kulikabidhi Jumba la Makumbusho la Taifa la Ireland. Kwa hiyo limerudi nyumbani, si sandukuni kwa tajiri.

Haya turudi kwenye mada, gitaa lina nyuzi zake nyingi humu.

#11 Bitozi Mstaafu

Nimesoma yote. Nina swali moja ambalo nadhani mleta uzi analikwepa.

Ile albamu ya San Francisco. Rory aliitupa. Mtu mwenye kazi yake, na akili zake timamu, alisema hii haitoki. Mwaka 2011, miaka 16 amelala kaburini, familia ikaitoa kwa jina Notes from San Francisco, na diski ya laivu ya 1979 kwenye ukumbi wa Old Waldorf pembeni. Je, hiyo ni sawa? Mnalalamikia nyimbo mbili za nyongeza mwishoni mwa Defender kwamba zinavunja mpango wake, halafu albamu nzima aliyoikataa mnaipokea kwa vigelegele?

#12 Uzi wa Sita

Sijakwepa mkuu, ulinitangulia.

Kwangu kuna tofauti. Notes from San Francisco haikujifanya ni albamu ya Rory ya 1978. Imewekwa kama kumbukumbu, na jina lake linasema hivyo. Ile Photo-Finish aliyoichagua ipo palepale, haijaguswa, na sasa tunaweza kuziweka mbili pamoja tukasikia alichokuwa anakataa. Chukua Mississippi Sheiks au Overnight Bag kwa matoleo yote mawili. San Francisco kuna kinanda cha Lou Martin, kuna nafasi, kuna kitu cha redio ya Marekani. Ujerumani kimebaki kifua kitupu. Ukizisikiliza hivyo unaelewa kwamba aliyeitupa hakuwa kichaa. Aliona anasogezwa mahali asipotaka kukaa.

Lakini nakiri kitu kimoja kinanisumbua: Wheels Within Wheels. Ni wimbo wa kikao hichohicho, laini, karibu wa kimapenzi, na hakuutoa tena maishani mwake. Mwaka 2003 familia ilitoa albamu ya magitaa ya kavu kwa jina hilohilo, ikiwa na wapiga gitaa wengine kama Bert Jansch, Martin Carthy na Juan Martín. Ni albamu nzuri ajabu. Na ni kweli Rory alitamani kufanya albamu ya aina hiyo. Ila hatujui kama angeifanya hivyo.

#13 Mama Santuri

Angeifanya, angeirudia, angeitupa. 🙂

Bitozi, mimi nakujibu kama mtu mzima. Waliozitoa ni mdogo wake na baadaye mtoto wa mdogo wake, Daniel. Dónal alikaa na kaka yake barabarani tangu ujana wao. Ingekuwa lebo tu inachimba makabati ningeungana nawe. Lakini ndugu akitoa kitu cha marehemu wake, na akaandika wazi ni kitu gani, siwezi kumnyoshea kidole.

Ninachomlaumu ni kingine. Ile Kickback City ya 2013. Wamechukua nyimbo za kipelelezi kutoka albamu mbalimbali, wakampa Ian Rankin, mwandishi wa Scotland, akaandika hadithi fupi ya kuendana nazo, wakaweka na michoro. Mimi niliona kama wanamvika Rory koti la mpelelezi kwa nguvu.

#14 Uzi wa Sita

Hapo mama tunaachana kwa amani. Kwangu Kickback City ndiyo ilikuwa tathmini ya kwanza ya kweli ya miaka yake ya mwisho. Kwa mara ya kwanza mtu alisema: huyu tumsome kama mwandishi, tuache kuhesabu solo. Ukiweka Philby, Big Guns, Continental Op na Loanshark Blues kwenye meza moja unaona alikuwa anaandika kitabu kimoja kwa miaka ipatayo minane. Hiyo kazi ilihitaji mtu wa nje aje aione. Koti la mpelelezi alilivaa mwenyewe.

#15 Kandambili

Haya, nimerudi. Nimesikiliza Defender yote nikiwa kwenye foleni ya magari, na Fresh Evidence nusu.

Mkuu Uzi wa Sita, Loanshark Blues umeshinda. Sina la kusema. Continental Op pia nimeirudia. Ila narudi kwenye hoja ya mama: kwa nini laivu wimbo uleule wa Defender unakuwa mnyama mwingine? Nimekuta rekodi ya laivu ya Continental Op, yaani ni moto mtupu, ya studio ikawa kama chai iliyopoa.

#16 Fundi Spika

@Kandambili bila shaka umekutana na All Around Man. Ilitoka 2023, ni maonyesho ya Desemba 1990 pale Town & Country Club, London. Na huo ndio ushahidi ambao uzi huu ulikuwa unaukosa. Ni McAvoy na O'Neill, miezi yao ya mwisho naye, Feltham kwenye harmonika, na nyimbo za albamu mbili za mwisho zimejaa. Miaka 33 kanda hizo zilikaa. Fikiria zingetoka 1991, wakati watu wanasema Rory kaisha.

Kwa upande wa ufundi: studio Rory alikuwa anajenga kipande kwa kipande, akisikiliza, akifuta. Jukwaani hakuna kufuta. Ndiyo jibu lako lote.

#17 Bitozi Mstaafu

Na hapo ndipo hoja ya mleta uzi inapopata ufa. Kama nyimbo zinahitaji jukwaa la 1990 ili zisikike, basi tathmini yetu ni ya nyimbo, albamu zenyewe bado zina kasoro zilezile mama alizozisema. Ghost Blues ya laivu naichukua leo hii. Ya studio, karibu dakika nane, naiheshimu tu.

#18 Uzi wa Sita

Nusu nakubali. Defender, ndiyo, nyimbo ni kubwa kuliko rekodi. Nilisema tangu mwanzo kwamba nazungumzia utunzi.

Fresh Evidence sikubali hata robo. Kuna vitu humo haviwezi kuishi jukwaani. Empire State Express inahitaji chumba kidogo. Alexis ina utulivu ambao ukumbi wenye watu wanaopiga mbinja ungeuua. Na toleo la 2018, kama fundi alivyosema, limeirudishia pumzi yake. Ningeomba mtu asiyewahi kumsikia Rory aanze hapo kabla ya Irish Tour, ili asije na picha ya shati la drafti kichwani.

@Mgeni Njoo kwa hiyo wewe ndiwe tunayekufanyia majaribio. Fresh Evidence, toleo la 2018, headphone siyo spika ya simu, na ukifika Slumming Angel zima. Nyongeza kama zimo zisikilize siku nyingine. Kisha Defender, zima kwenye Seven Days. Kisha All Around Man. Kisha ndiyo urudi 1974 na sisi wazee.

#19 Mgeni Njoo

Sawa mkuu, nimepakua. Jinx je, niiruke?

#20 Mama Santuri

Iruke.

#21 Kandambili

Msimdanganye mtoto. Jinx ina Big Guns, ina saksafoni za Dick Parry, yule aliyepiga kwenye The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd, na Ray Beavis. Ina Easy Come, Easy Go. Mgeni usiruke chochote.

#22 Mama Santuri

Iruke mwanangu. Hata mimi niliyeinunua kwa hela yangu nimeiruka.

#23 Uzi wa Sita

Jinx naiandalia uzi wake, maana humu tutatoana macho. Kandambili, utakuwa shahidi wa utetezi. Kaa na santuri, usije na sidi, mpangilio si uleule na mama atakumaliza kwa hilo tu.